Sifuri Niliyoigongea Muhuri

Tangu nilipokabidhi funguo za chumba cha mazoezi cha hospitali mwaka jana, ninyi vijana mliobaki mmekuwa mkinipigia simu kwa zamu. Mmoja anauliza bomba la plastiki lilowekwe kwenye maji ya moto kwa muda gani kabla ya kukunjwa, mwingine anauliza afanye nini na mgonjwa asiyetaka kushika kijiko. Nimejibu mpaka mke wangu Mapenzi akasema niandike mara moja, simu ipumzike. Basi naandika. Anayetaka kujua nilipandishwa cheo lini atafute faili, mimi mwenyewe sikumbuki vizuri. Nitaeleza jinsi nilivyosomea kazi hii, na jinsi nilivyokaribia kumtoa mwanamke mmoja nyumbani kwake kwa kalamu yangu mwenyewe, nikiwa bado mwanafunzi.

Mtaniwia radhi kwa Kiswahili hiki cha darasani. Nilikipata kambini Tanzania, ambako wengi wetu wa Fizi, mashariki ya Kongo, tulikaa miaka ya vita, na mwalimu wetu alikuwa na fimbo. Mdomoni bado mimi ni mtu wa Baraka, mji wetu wa ziwani.

Nilianza kama muuguzi. Siku moja mganga mkuu aliniambia kwamba chumba cha mazoezi hakina muuguzi, nikakae huko wiki moja. Wiki hiyo ilikula miaka yangu yote iliyobaki. Chumba kilikuwa stoo ya zamani ya mahindi, na panya walikuwa hawajapata habari kwamba mahindi yameondoka. Vifaa vilikuwa vyuma viwili vya kushikilia mtu anapojifunza kutembea, ndoo ya mchanga, mfuko wa vifuniko vya soda, vibanio vya nguo, na Mama Zaina.

Mama Zaina alikuwa mjane wa Kiislamu wa mtaa wa ufukweni. Hakuwa na diploma hata moja. Alikuwa amewasaidia wataalamu wa mazoezi waliopita hapo, mmoja baada ya mwingine, mpaka akajua walichojua wote na walichosahau. Yeye ndiye aliyenifundisha kupasua bomba la maji, kulilainisha kwa joto, kulikunja juu ya chupa na kupata gango la kushikilia kiganja kilichopinda. Alinifundisha kuvingirisha mpira wa ndani wa tairi la pikipiki kwenye mpini wa kijiko, ili mkono usioweza kufumba sana uweze kukishika.

Mwezi wangu wa kwanza tulikuwa na mvuvi wa Kazimia aliyekatwa na kamba kwenye vidole. Nilimzoeza kila siku, nikapima kwa rula ya duara, nikafurahi vidole vilipokunjika karibu kabisa. Nikamwambia Mama Zaina kwamba huyu tunamruhusu.

"We Asukulu, huyu muntu kesho asubui atafanya nini?" akaniuliza.

"Ataendelea kukunja vidole."

"Siko naulizia vidole. Naulizia asubui."

Akamletea mvuvi kipande cha wavu uliochanika na sindano yake. Mvuvi alijaribu, sindano ikaanguka, akajaribu tena, ikaanguka. Alitazama vidole vyake vilivyokuwa vinakunjika vizuri sana na machozi yakamtoka. Tulikaa naye wiki nyingine tatu, kwa wavu, siyo kwa rula. Baadaye nilijifunza kwamba swali lile la asubuhi ndilo kazi yote ya ergo, yaani tiba kwa shughuli za kila siku, na kwamba watu wanalisomea kwa miaka. Mtaalamu wa mazoezi humrudishia mgonjwa mkono kadiri unavyorudi. Ergo humfundisha kufanya shughuli zake kwa mkono alio nao leo: kuoga, kuvaa, kupika, kulima, kushona wavu.

Nilikuwa na miaka arobaini na miwili nilipopata nafasi ya masomo ya juu ya kazi hiyo, katika chuo kimoja ng'ambo ya mpaka. Wenzangu darasani waliniita Papa tangu siku ya kwanza, nikadhani ni heshima, kumbe walikuwa wanahesabu mvi. Misuli ya mkono niliisoma kwa kuichora kwa wino juu ya mkono wangu wa kushoto, na Jumapili moja nilienda nayo kanisani kwa sababu haikufutika. Mchungaji aliutazama mkono, akanitazama, akaendelea na mahubiri. Nilifeli mtihani wa neva mara mbili. Mara ya tatu nilijifungia, nikajiambia kwamba sikuacha watoto wanne Baraka ili nije kushindwa na neva, nikafaulu.

Mwalimu wetu mkuu tulimwita Madamu Beatrisi. Alikuwa mwanamke mfupi, mkali, mwenye tabia ya kuvua miwani kabla ya kukuvunja moyo. Mwaka wa kwanza alitufunga mkono wa kulia kwa kitambaa, kila mtu, akasema tutaishi hivyo wiki nzima. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilifunga vifungo vya shati kwa meno. Nilinyoa upande mmoja vizuri na upande wa pili kama shamba la mtu mvivu. Siku ya mwisho tulitakiwa kupika chakula cha kwetu kwa mkono mmoja, na hapo nikapatikana, kwa kuwa sikuwa nimewahi kupika bukari, ugali wetu, hata kwa mikono miwili.

Jiko la chuo lilikuwa na meza ndefu ya kufika kiunoni, moto wa gesi, na chuma maalumu cha kubana sufuria isizunguke mtu anapokoroga. Nilirudia mara nyingi, nikaungua, nikarudia, na mwishowe nikapata alama nzuri. Likizo nikarudi Baraka kwa majivuno nikampikia mke wangu. Mapenzi aliibonyeza bukari ile kwa kidole, akauliza kama ni ya kula au ya kuziba ukuta. Lakini nilikuwa na alama zangu. Nilijiona mwanamume pekee wa Fizi anayejua mambo ya jikoni.

Mwaka wa mwisho kila mwanafunzi alirudi kwao kufanya staji, yaani mafunzo ya kazini. Tulitakiwa kumfuata mgonjwa mmoja nyumbani kwake kwa miezi kadhaa na kuandika juu yake kitabu cha kumaliza masomo. Madamu Beatrisi angekuja mwenyewe kutuona kazini, mbele ya mgonjwa. Bila kitabu na bila ziara hiyo hakuna diploma. Mimi nilipata Mama Wabiwa wa Mboko, nje ya mji wa Baraka.

Mama Wabiwa alikuwa mjane, mkulima wa mihogo, miaka sitini na kitu. Kiharusi kilikuwa kimemlemaza mkono wa kulia na kumpokonya sehemu ya maneno. Alielewa kila kitu, lakini neno lilimtoka moja moja, kwa jasho, na watu hawakuwa na subira ya kulingoja. Binti zake wawili walikuwa wameolewa Kazimia. Mtoto wake wa kiume alikuwa machimboni, anarudi mara chache. Aliyeishi naye ni mke wa mtoto huyo, Riziki, msichana mwembamba asiyependa kutazamwa usoni.

Nilifanya kama nilivyofundishwa. Kabla ya kwenda nilipiga simu, na hapo adabu za chuo na adabu za kwetu zilikubaliana. Nikifika nilimkuta Mama Wabiwa ameketi kwenye kiti cha plastiki uani, amevalishwa kitenge cha sikukuu, kilemba kimefungwa, uso umepakwa mafuta. Riziki alipiga magoti na kuninawisha. Kisha nilitoa fomu yangu. Ilikuwa na orodha ya shughuli za siku, na mbele ya kila shughuli unaandika alama kutoka sifuri, yaani mtu hawezi chochote bila kufanyiwa, hadi nne, yaani anajitegemea.

"Mama hawezi kitu," Riziki alijibu kabla sijamaliza kuuliza. "Mi njo nafanya yote. Namulisha, namuogesha, namuvalisha."

Nilimwomba Mama Wabiwa ashike mwiko, nione. Aliunyooshea mkono wa kushoto. Riziki akauchukua kwa upole na kuuweka kando.

"Hapana, Papa. Muko mugeni hapa. Haiko vizuri."

Mama Wabiwa akainamisha kichwa. Nikaandika sifuri. Nilirudi mara ya pili na ya tatu, kila mara nikiwa nimepiga simu, kila mara kitenge, kiti, mafuta usoni, na sifuri kutoka juu hadi chini. Sehemu ya uchunguzi wa ngozi niliandika kwamba kuna madoa meusi na vidonda vidogo vilivyokauka upande wa ndani wa miguu yote miwili, na kwamba apelekwe kwa daktari wa ngozi. Nilijisifu kwa kuona jambo dogo kama hilo.

Mara ile ya tatu nilimkuta pia Lubunga, mdogo wa marehemu mume wa Mama Wabiwa, amekuja kutoka Lulimba, huko mbali. Alikuwa mtu mpole, mwenye sauti ya chini, na sitaki mumchukie. Alinivuta pembeni ya nyumba akasema ukoo umeamua kumchukua shemeji yake Lulimba, wake zake wawili wakamtunze. Nyumba ya Mboko ingefungwa na shamba la mihogo angepewa mtu mwingine wa ukoo. Kwake hilo lilikuwa jambo la huruma, na kwa kusema kweli kwangu pia.

"Bwana Asukulu, unipatie karatasi yenye iko na kashe," aliniambia. "Mambo ya familia bila karatasi inakuwaka kelele tu."

Nami nikampa. Niliporudi Baraka nilinakili alama zangu, nikachukua muhuri wa hospitali, ndiyo kashe, nikagonga, nikapuliza wino ukauke. Mnajua wenyewe karatasi yenye muhuri ni kitu gani kwetu. Mtu anaweza kubishana na daktari, na mchungaji, na chifu, lakini muhuri watu huukunja vizuri na kuutia mfukoni. Lubunga alikuja kuichukua, akanishukuru na kunitajia siku ya kikao cha ukoo, Jumapili ya wiki ya pili. Kesho yake gari lingekuja.

Nilimsomea Mama Zaina ripoti yangu chumbani kwetu, yeye akipanga vibanio vya nguo. Alisikiliza sifuri zote akiendelea kuvipanga. Nilipofika kwenye ngozi aliacha vibanio.

"Soma tena ile ya miguu."

Nikasoma tena. Akaanza kucheka, akacheka mpaka akaketi, kisha uso wake ukabadilika.

"Hiyo haiko ugonjwa, Asukulu. Ni masizi na moto ya sufuria. Muntu wa mukono moja anashikiliaka sufuria na miguu. Uyo mwanamuke anapika."

Niliona haya ambayo sijaiona tena maishani. Nilikuwa nimesoma mkono mpaka neva ya mwisho, nimepata alama nzuri kwenye jiko la meza ndefu, na sikujua kwamba mama zetu hupika chini, kwenye kibao, na sufuria hubanwa na miguu mkono ukipungua. Miaka yote hiyo nilikula bukari bila kujiuliza inakorogwaje. Wahenga walituonya juu ya mficha maradhi. Hakuna aliyetuonya juu ya watu wanaoficha uzima.

Asubuhi iliyofuata nilipanda pikipiki kwenda Mboko bila kupiga simu. Sikubisha hodi mbele, nilizunguka nyuma ya nyumba kama mtu asiye na malezi. Mama Wabiwa alikuwa ameketi kwenye kibao, amevaa nguo iliyofifia, sufuria ipo chini imebanwa kati ya miguu yake, vitambaa vimekunjwa kuzuia joto, na mkono wa kushoto unakoroga. Alikuwa anakoroga vizuri kuliko mimi. Pembeni kulikuwa na ubao wa sanduku la samaki, misumari miwili imepigwa kutoka chini ikatokeza juu, na muhogo umechomekwa hapo, nusu umemenywa. Ubao wa namna hiyo niliuona chuoni, kwenye picha ya kitabu kutoka Ulaya. Huu aliupiga Riziki kwa jiwe.

Waliponiona waliganda kama wezi. Riziki aliruka kuuchukua mwiko. Mama Wabiwa hakuuachia.

"Wacha," alisema. Lilikuwa neno la kwanza nililomsikia akilisema mwenyewe.

Riziki alipiga magoti, safari hii si kwa kuninawisha. "Papa Asukulu, usiseme ku bantu. Mi niko mukamwana hapa. Batasema namutumikisha mama mugonjwa. Wakati ulikuya mara ya kwanza nilisema namufanyia yote ju ni vile mukamwana anasemaka. Nyuma ukaandika. Sikujua kama unaandika ile."

Nilimweleza karatasi ile ilikuwa inakwenda kufanya nini. Hakuwa ameambiwa chochote cha Lulimba, wala Mama Wabiwa. Mama Wabiwa aliweka mwiko chini. Alifungua mdomo, neno halikuja, akapiga ardhi kwa kiganja cha kushoto mara tatu, pale alipoketi. Nilielewa.

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mimi nilikuwa nimekuja mara tatu na nimebaki mgeni, kwa hiyo jembe niliomba mwenyewe. Siku tatu nilikaa Mboko nikipalilia pamoja nao mihogo ya nyuma ya nyumba, pasipoonekana njiani, na siku ya pili mchana walikuwa wamezoea kunipita bila kuniangalia. Mama Wabiwa alipalilia ameketi, akijisogeza kwa makalio. Alipika, alimenya, alioga peke yake nyuma ya mkeka, alivaa kwa kuanza na mkono mbovu kama vitabu vinavyosema, ingawa hakuna kitabu kilichomwambia. Kuchota maji hakuweza, wala kutwanga, wala kubeba. Alikula kwa kijiko, kwenye sahani yake, kwa sababu mkono wa kushoto hautiwi kwenye sahani ya watu. Riziki alikuwa amefikiria na hilo.

Nilimpigia Madamu Beatrisi nikamweleza yote. Nilisikia kitu kikiwekwa mezani, nikajua miwani imevuliwa. Alisema tathmini ya kwanza haifutwi. Nina njia mbili: kutafuta mgonjwa mwingine na kukaa mwaka mwingine, au kubaki na huyu na kueleza mbele ya watu na mbele ya mgonjwa mwenyewe jinsi nilivyokosea, na yeye Madamu atapima kama aliyekosea hivyo anafaa kupewa diploma. Alisema atakuja Jumapili hiyohiyo ya kikao. Nilimjibu kwamba nabaki na huyu.

Tatizo langu halikuwa mwaka wa masomo. Tatizo lilikuwa Riziki. Nikisema niliyoyaona, namvua nguo mbele ya ukoo wa mumewe. Nisiposema, Mama Wabiwa anapakiwa garini. Nilifikiri wiki nzima na akili yangu ikanipa ujanja mmoja mbovu: nitasema karatasi ina kosa, kosa ni langu, basi. Nilitegemea aibu yangu itatosha watu wote.

Jumapili, uani kwa Mama Wabiwa, walikuwepo Lubunga, wazee watatu wa ukoo, shangazi mmoja mzee, na Madamu Beatrisi pembeni na daftari lake. Mama Wabiwa alikuwa kwenye kiti cha plastiki, kitenge, mafuta usoni. Tulikula kwanza. Kisha Lubunga alitoa karatasi yangu mfukoni, akaikunjua, akaisoma kwa sauti, sifuri baada ya sifuri. Nikasimama nikasema karatasi hiyo ina kosa.

"Kosa gani? Kashe haiko ya kweli?" Lubunga aliuliza.

"Kashe ni ya kweli. Nilichoandika njo si kweli."

"Bwana Asukulu, ulikuya mara tatu, mara tatu uliandika zero. Mara ya ine nani alikubadirisha?"

Jibu lilikuwa na jina la Riziki ndani yake. Nilirudia kwamba nilikosea mimi. Mzee mmoja alisema kwa upole kwamba kijana amepatwa na huruma, na huruma ni nzuri, lakini haipiki. Nilikuwa na miaka arobaini na mitano na nilikuwa nimeitwa kijana. Shangazi alianza kuuliza nguo za Mama Wabiwa ziko wapi, zifungwe. Maji yalikuwa yamenifika shingoni, na mtaalamu mzima nilikuwa nimesimama tu pale na fomu mpya mkononi ambayo hakuna aliyetaka kuiona.

Riziki alikuwa anapita na beseni la kunawia. Aliliweka chini katikati ya uwanja, akapiga magoti akimwelekea Lubunga.

"Papa, bukari yenye mumekula, mama njo amepika. Leo, na jana, na kila siku. Mi nachota maji na natwanga, yeye njo anapika. Nilimudanganya Papa Asukulu mara tatu."

Shangazi alifyonza kwa nguvu. "Mukamwana gani huyu?"

"Unamutumikisha mugonjwa?" Lubunga aliuliza, na sauti yake ya chini ilikuwa imepanda.

"Ndiyo," Riziki alisema.

Angeweza kusema kwamba mama mwenyewe alitaka, kwamba alilia kwa miezi miwili mpaka aliposhika mwiko. Hayo niliyajua baadaye. Pale alisema ndiyo, akabaki amepiga magoti, na kila mtu akamtazama usoni, yeye asiyependa kutazamwa.

Lubunga alimgeukia Mama Wabiwa. "Shemeji, ni kweli?"

Watu watatu walifungua midomo kumjibia. Hapo nilipata kazi yangu. Nilinyoosha mkono nikasema, "Tumungoje." Walinitazama kama mtu aliyekatiza sala, lakini walinyamaza. Tulingoja. Mbuzi alipita, hakuna aliyemfukuza. Mama Wabiwa alitoa jasho kwenye paji la uso mpaka mafuta yakateremka, shingo ikakaza, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu augue kwa watu wale kukaa kimya mpaka neno lake lifike.

"Mi," alisema. Tukangoja tena. "Mi nabaki."

Lubunga aliikunja karatasi, akanirudishia, akasema niandike nyingine, na kashe isisahauliwe. Niliandika palepale kwenye goti langu, nikimuuliza Mama Wabiwa kila mstari na kungoja. Ilichukua mchana wote. Gari halikuja.

Tukirudi Baraka, Madamu Beatrisi alisoma daftari lake mpaka tulipoanza kuona nyumba za mjini. Kisha aliuliza kama nilipiga picha ule ubao wa misumari. Nikasema nimepiga. "Uweke ukurasa wa kwanza," alisema. Nilifaulu, si kwa alama za kutangaza, lakini nilifaulu.

Riziki hakufaulu kitu. Habari ilifika Mboko nzima kabla ya jioni, na kina mama pale pa kuchota maji wakampa jina, Patroni, yaani bosi, kwa kuwa ana mfanyakazi mgonjwa. Nilisikia kwa masikio yangu wakimwita hivyo, miezi na miezi, naye akijaza ndoo yake na kuondoka. Kwenye kitabu changu, kwa sheria za chuo, majina hayaandikwi. Yeye yumo kama mwanafamilia mmoja. Kazi yake iko ukurasa wa kwanza, na jina lililo juu ya jalada ni langu. Jambo hilo linaniuma mpaka leo, wala sitafuti maneno ya kulipamba. Alinikubalia nimwandike kwa jina hapa, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya mimi kukubali kuandika.

Kwa hiyo mkinisikia nikiwagombeza kwa kutathmini watu waliovaa vitenge vya sikukuu, mjue nagombeza nani. Nendeni mara ya kwanza mkiwa mmepiga simu, kwa heshima, na mara nyingi bila simu, kwa kazi. Kabla ya kuandika sifuri jiulizeni ni nani aliyewajibu, na angepata aibu gani kama angejibu kweli. Vitabu vya chuo visomeni vyote, nami nilivisoma, neva na kila kitu. Ila muombeni mtu mnayemwamini, mwenye masizi kwenye mikono yake, awasomee ripoti kabla ya muhuri. Tangu wakati ule Mama Zaina alinisomea zangu mpaka macho yake yalipokataa, na baada ya hapo nilimsomea mimi.

Mama Wabiwa aliishi miaka mingine saba katika nyumba yake. Alipofariki nilikwenda Mboko na Mapenzi. Kwetu msibani kila mtu anajua mahali pake: mabinti wa marehemu hukaa ndani kando ya maiti, na wakamwana hukaa nje na sufuria, wanachota, wanapika, wanaosha, na usingizi hawaupati mpaka watu watawanyike. Riziki alikuwa tayari na ndoo mkononi. Kina mama walewale wa kwenye maji walikuwa wanawasha moto.

Lubunga, ambaye sasa alitembea kwa fimbo, alisimama mlangoni akaomba watu wanyamaze. Alisema shemeji yake alimwita mwezi uliopita na kumwachia neno, na kwamba neno hilo lilichukua asubuhi nzima kufika, naye alilingoja.

"Alisema, Riziki asipike," alisema Lubunga. "Aingie ndani, akae na babinti ya shemeji."

Riziki aliweka ndoo chini. Wale mabinti wawili wa Kazimia walisogea, mmoja kulia na mmoja kushoto, wakamwachia nafasi upande wa kichwa. Alikaa hapo mpaka tulipotoka kwenda kuzika, na siku nzima hakuna aliyemtuma maji.